Ngozi ya mbuta isifuate njia ya mabondo

KATIKA viwanda vya samaki vilivyo kando ya Ziwa Victoria, mbuta huingia mzima na kutoka vipande vipande. Minofu hupangwa kwenye masanduku ya barafu, tayari kusafirishwa ng'ambo. Mifupa na vichwa hununuliwa na akina mama wanaokaanga mgongo wazi. Mabondo hukaushwa na kuuzwa kwa wafanyabiashara wanaoyapeleka Uchina. Inayosalia ni ngozi, nayo kwa muda mrefu imehesabiwa kuwa taka.

Hesabu hiyo ni ya makosa. Ngozi ya samaki ina kolajeni, protini ambayo viwanda vya vyakula, vipodozi na dawa ulimwenguni huitafuta kwa udi na uvumba. Kolajeni ndiyo inayoshikilia ngozi, mifupa, kano na gegedu za wanyama wote wenye uti wa mgongo, binadamu akiwemo. Ikichemshwa hugeuka kuwa jelatini. Yeyote aliyewahi kuacha supu ya miguu ya ng'ombe ilale usiku kucha, akaikuta asubuhi imeganda na kutikisika sufuriani, amekwisha kuiona kwa macho yake.

Swali linalowakabili Wakenya si kama ngozi ya mbuta ina mali. Hilo lilijibiwa na wanasayansi miaka mingi iliyopita. Swali ni nani atakayeivuna mali hiyo, na ni nani atakayeumia ikivunwa bila mpango.

Mwaka wa 2004, jarida la kisayansi la Food Chemistry lilichapisha utafiti wa John Muyonga wa Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pretoria, Afrika Kusini. Watafiti hao walichukua ngozi za mbuta wachanga na za mbuta wakubwa, wakaitoa kolajeni iliyomo na kuipima sifa zake. Waligundua kwamba protini ilikuwa asilimia 20.3 ya uzito wa ngozi mbichi ya samaki wachanga na asilimia 21.6 kwa wakubwa. Kwa kipimo cha ngozi kavu, kolajeni iliyopatikana ilifikia asilimia 63.1 kwa wachanga na asilimia 58.7 kwa wakubwa.

Kwa maneno mengine, zaidi ya nusu ya uzito wa ngozi iliyokaushwa ni bidhaa yenye soko. Ni mazao machache ya shambani yanayoweza kujivunia kiwango kama hicho.

Namna ya kuitoa kolajeni si siri. Ngozi huoshwa, huparwa magamba na kukatwa vipande vidogo. Huloweshwa katika maji yenye magadi makali yaliyozimuliwa ili protini nyingine na rangi zitoke, kisha mafuta huondolewa kwa aina ya alkoholi. Baada ya hapo vipande huwekwa katika asidi ya siki iliyozimuliwa kwa siku mbili au tatu. Ngozi huvimba na kolajeni huyeyuka polepole ndani ya asidi hiyo. Mchanganyiko huzungushwa kwa kasi katika mashine ili masalia yatengane na maji, kisha chumvi hutiwa na kolajeni hujitenga kama utando mweupe. Hatimaye husafishwa chumvi yote na kukaushwa kwa baridi kali, ikabaki nyepesi kama pamba.

Kazi hii yote hufanywa penye baridi, kwa kawaida karibu na nyuzi 4 za Selsiasi. Sababu ni umbile la kolajeni yenyewe. Kila molekuli ni nyuzi tatu za protini zilizosokotwa pamoja mithili ya kamba. Kamba hiyo ikipata joto kupita kiasi hufumuka, na ikishafumuka haitakuwa tena kolajeni bali jelatini.

Ndiyo maana wanasayansi hawatosheki na kuitoa tu. Lazima waipime. Huipitisha katika utomvu maalumu kwa nguvu za umeme ili kuona uzito wa nyuzi zake, na kuimulika kwa miale ya infraredi ili kuthibitisha kwamba nyuzi hizo bado zimesokotana. Huhesabu pia viambajengo viwili, prolini na haidroksiprolini, ambavyo ndivyo huipa kamba hiyo uthabiti. Mwishowe huipasha joto kidogo kidogo hadi ifumuke.

Kwa mbuta, kamba ilifumuka kwenye nyuzi 36. Viambajengo hivyo viwili vilikuwa takriban 200 katika kila 1,000. Kolajeni ya chewa wa bahari za baridi huko Ulaya hufumuka karibu nyuzi 15, ilhali ya nguruwe huhimili hadi karibu nyuzi 37 na ya ng'ombe takriban 40. Samaki wa maji moto wa Afrika, basi, anakaribiana na nguruwe kuliko anavyokaribiana na samaki wenzake wa kaskazini. Mbuta huishi katika maji yenye joto mwaka mzima, na mwili wake umejengwa kwa ajili ya joto hilo.

Tofauti hiyo ina uzito wa kibiashara. Kolajeni inayofumuka kwenye nyuzi 15 haihimili hata hewa ya chumba cha kawaida, seuze ya Kisumu adhuhuri. Inayofika nyuzi 36 inaweza kutiwa katika krimu, vyakula na vidonge bila taabu kubwa. Hata hivyo, haijafika nyuzi 37 za mwili wa binadamu. Kwa hiyo anayetaka kuitumia ndani ya mwili, kwa mfano kutengeneza vitu vya upasuaji, hana budi kwanza kuikaza nyuzi zake kwa njia za kikemia. Anayeahidi kwamba hospitali zitakimbilia ngozi ya mbuta kesho asubuhi anauza ndoto.

Dini na afya

Kuna sababu nyingine inayofanya samaki atafutwe. Jelatini na kolajeni nyingi ulimwenguni hutoka kwa nguruwe na ng'ombe. Waislamu na Wayahudi hawamli nguruwe, na Wahindu wengi hawamgusi ng'ombe. Mzazi wa Mombasa au Garissa anayemnunulia mtoto peremende laini, au mgonjwa anayepewa dawa iliyo ndani ya kifuko cha jelatini, ana haki ya kujua kifuko hicho kilitoka kwa mnyama gani. Samaki huondoa shaka hiyo.

Aidha, itakumbukwa kwamba mwaka wa 1996 serikali ya Uingereza ilikiri kuwepo kwa uhusiano kati ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe na ugonjwa hatari wa ubongo kwa binadamu. Tangu wakati huo watengenezaji wengi wamekuwa wakitafuta malighafi isiyotokana na ng'ombe.

Pamoja na hayo, mnunuzi naye anahitaji kuwa macho. Poda za kolajeni huuzwa kwa bei ghali zikisifiwa kwamba hurudisha ujana. Ukweli ni kwamba kolajeni inayoliwa humeng'enywa tumboni kama protini nyingine yoyote, ikawa vipande vidogo vidogo. Zipo tafiti zinazoonyesha nafuu kidogo katika unyevu wa ngozi, lakini nyingi zimegharimiwa na kampuni zinazouza bidhaa hizo. Kolajeni inayopakwa usoni nayo ina molekuli kubwa mno kupenya ndani ya ngozi. Husaidia kuhifadhi unyevu juu juu, basi. Sekta mpya ikijengwa juu ya ahadi za uongo, itaporomoka siku wateja watakapoerevuka.

Funzo kutoka Brazil

Mfano wa taifa lililoipa ngozi ya samaki heshima yake ni Brazil. Tangu katikati ya miaka ya 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Ceará mjini Fortaleza wamekuwa wakitumia ngozi ya ngege kufunika majeraha ya moto. Ngozi hiyo haichujwi kolajeni. Husafishwa, huuawa vijidudu na kuhifadhiwa katika gliseroli, kisha hulazwa juu ya jeraha. Kwa kuwa ina kolajeni nyingi na hushikamana vyema na jeraha, bandeji hazibadilishwi kila mara na maumivu hupungua. Mbinu hiyo ilipata umaarufu zaidi pale madaktari wa mifugo wa California, Marekani, walipoitumia kuwatibu dubu walioungua katika moto wa msituni mwishoni mwa mwaka wa 2017.

(Ni muhimu kusisitiza kwamba ngozi mbichi kutoka sokoni haifai kabisa kuwekwa juu ya jeraha, kwani hubeba vijidudu.)

Kinaya ni kwamba ngege huyo ni mwana wa Afrika. Wenyeji wa Mto Nile na wa Ziwa Turkana wamemla tangu jadi. Aliingizwa Brazil mwaka wa 1971 kutoka Ivory Coast, na alikofikishwa ni jimbo hilo hilo la Ceará. Mgeni huyo alifugwa, akachunguzwa, na hatimaye akawapa wenyeji wake dawa.

Mbona basi Kenya isifanye vivyo hivyo kwa ngege wake, hasa wakati huu ambapo ufugaji wa samaki katika vizimba umeenea ziwani? Jibu liko mezani. Mkenya humla ngege mzima. Humkaanga au kumtia mchuzi pamoja na ngozi yake, akamshushia kwa ugali na sukuma wiki. Brazil hutoa minofu kwanza, hivyo ngozi hubaki kiwandani. Hapa nchini ngozi ya ngege si taka bali ni kitoweo, na hakuna busara ya kumpokonya mlaji chakula kizuri ili kitiwe ndani ya chupa ya vipodozi.

Kwa hiyo, ngozi inayopatikana kwa wingi mahali pamoja ni ya mbuta, na hupatikana katika viwanda vya minofu. Hapo ndipo panapofaa kuanzia. Viwanda hivyo tayari vina vyumba vya baridi, maji na wakaguzi wa ubora. Ngozi huoza upesi, na bakteria huanza kuila kolajeni mara tu baridi inapokosekana. Anayetaka kuikusanya kutoka ufuo mmoja hadi mwingine juani atafikisha uvundo mahali pa malighafi.

Historia inayoonya

Wakazi wa kandokando ya ziwa wana kila sababu ya kupokea habari za utajiri mpya kwa tahadhari. Mbuta mwenyewe aliletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960. Alipoongezeka katika miaka ya 1980, aliwala samaki wadogo wa asili na aina nyingi zikatoweka, huku viwanda vya minofu vikichipuka. Fedha za kigeni zilimiminika. Lakini bei ilipangwa mbali na ziwa, na soko lilipofungwa, aliyelala njaa ni mvuvi.

Ndivyo ilivyotokea mwishoni mwa miaka ya 1990. Mnamo 1997 samaki wa eneo hili walizuiwa kuingia baadhi ya nchi za Ulaya kwa hofu ya bakteria wa salmonela. Mnamo 1998 ikaja marufuku ya kipindupindu. Mwaka uliofuata Umoja wa Ulaya ulifunga mlango tena kwa sababu ya wavuvi waliokuwa wakitumia sumu kuua samaki. Kila mara ilidhihirika kwamba nchi isiyo na maabara za kutegemewa haiwezi kujitetea mbele ya mnunuzi.

Mabondo yanatoa onyo lililo wazi zaidi. Bondo ni kifuko cha hewa cha samaki, nalo karibu lote ni kolajeni. Kwa karne nyingi watengenezaji wa bia huko Ulaya wamelitumia bondo la samaki kuing'arisha bia yao, na Wachina hulithamini kwa supu. Kilo moja ya mabondo makavu huuzwa kwa bei inayoishinda kwa mbali ile ya minofu. Hata hivyo, mvuvi aliyekesha ziwani huambulia sehemu ndogo ya thamani hiyo, na Afrika Mashariki imebaki kuyakausha na kuyafunga magunia tu. Hali hii ikiigwa, ngozi nayo itakaushwa, itafungwa magunia na kurudi Nairobi ikiwa poda ndani ya mkebe wenye maandishi ya kigeni.

Hatari ya pili inahusu tumbo la maskini. Katika mtaa wa Obunga, Kisumu, akina mama wengi wamesomesha watoto kwa mgongo wazi. Hununua mifupa ya mbuta yenye mabaki ya nyama, wakaikaanga na kuwauzia watu wasioweza kumudu samaki mzima. Katika miaka ya 1990, viwanda vya chakula cha mifugo viliponusa faida katika mabaki hayo, akina mama walijikuta wakishindania bidhaa moja na matajiri. Mifupa nayo ina kolajeni. Mwenye kiwanda akishaonja faida ya ngozi, hatachelewa kuitamani mifupa. Usiache mbachao kwa msala upitao, walinena wahenga, na mbacha wa wengi kando ya ziwa ni mgongo wazi.

Hatari ya tatu imefichika ndani ya takwimu zenyewe za utafiti. Sheria za ziwa haziruhusu kuvuliwa kwa mbuta aliye chini ya sentimita 50, ili wachanga wakue na kuzaana. Kwa mnunuzi wa minofu, samaki mchanga hana faida kubwa kwa kuwa nyama yake ni chache. Lakini kwa mnunuzi wa kolajeni, ngozi ya mchanga si duni hata kidogo. Asilimia 63.1 ni zaidi ya 58.7. Soko la ngozi lisilosimamiwa litampa mvuvi haramu sababu mpya ya kutega nyavu zenye matundu madogo, wakati ambapo mbuta wamepungua na baadhi ya viwanda vimefungwa kwa kukosa samaki.

Hatua zinazofaa

Hatari hizi hazimaanishi kwamba ngozi iendelee kutupwa. Zinamaanisha kwamba kanuni zitangulie fedha.

Kwanza, si lazima kuanza na bidhaa ngumu kuliko zote. Kolajeni safi huhitaji umeme usiokatika, mitambo ya kukausha kwa baridi kali na wataalamu wa maabara. Jelatini huhitaji maji moto, asidi kidogo na usafi. Muyonga na wenzake walichapisha matokeo kuhusu jelatini ya ngozi na mifupa ya mbuta mwaka huo huo wa 2004, kwa hiyo msingi wa kisayansi upo. Mafundi wa Kisumu nao wamekwisha kuonyesha kwamba ngozi ya samaki inaweza kutengenezwa viatu na mikoba. Kiwanda cha jelatini kinaweza kulipa mishahara huku wataalamu wakijifunza hatua inayofuata.

Pili, ubora upimwe hapa nchini. Mnunuzi wa kimataifa hatanunua poda kwa kuambiwa kwamba ni nzuri. Atataka kujua inafumuka kwenye joto gani, ina majivu kiasi gani na kama ina madini ya sumu. Vyuo vikuu na taasisi za utafiti za serikali zina wanakemia wanaoweza kufanya vipimo hivyo. Kinachohitajika ni kuwapa vifaa, na viwango rasmi vya jelatini na kolajeni ya samaki vinavyotambulika katika Afrika Mashariki yote. Kenya inamiliki takriban asilimia 6 tu ya ziwa. Kiwanda kitakachotegemea ngozi za upande wa Kenya pekee huenda kisimalize wiki bila kusimama, na kanuni zikitofautiana na za Uganda na Tanzania, malighafi itapita kwa magendo.

Tatu, ngozi isinunuliwe isipokuwa kutoka kwa samaki aliyepimwa na kukubalika kisheria, na kumbukumbu za ununuzi huo zikaguliwe. Mifupa yenye nyama itengwe kwa walaji. Vyama vya wavuvi na vya akina mama wa mgongo wazi vipewe hisa katika viwanda vipya badala ya kualikwa siku ya ufunguzi ili kupiga vigelegele.

Nne, maji machafu yasirudishwe ziwani. Utoaji wa kolajeni huacha magadi, asidi, chumvi na mafuta. Ziwa Victoria tayari limesongwa na magugumaji yanayonawiri kwa sababu ya uchafu unaomiminwa humo. Itakuwa hasara juu ya hasara iwapo kiwanda cha kuokoa ngozi ya samaki kitawaua samaki wenyewe.

Yote haya yanawezekana, wala hayahitaji muujiza. Yanahitaji wizara inayohusika na uvuvi, serikali za kaunti za kando ya ziwa na wenye viwanda kuketi pamoja kabla wanunuzi wa kutoka nje hawajafika na mizani yao. Wakishafika, bei ya kwanza watakayoitaja itaonekana kubwa, kwa kuwa kitu kilichokuwa kikitupwa hakina bei ya kulinganishwa nayo. Ndivyo mabondo yalivyoanza.

Maarifa kuhusu ngozi ya mbuta yalitoka katika mikono ya Waafrika, juu ya samaki wa Afrika, zaidi ya miaka 20 iliyopita. Tangu wakati huo ngozi zimeendelea kuchunwa kila siku. Ziwa limefanya sehemu yake.